Salfa

Mzabibu ukishikwa na ukungu, hapa Hombolo,
baba hauambii, "Umejitakia."
Anafunga leso puani, anapuliza salfa
kabla jua halijachoma.

Ndahani alipoamka anatetemeka,
kikombe kikimgonga meno,
baba alisema: hiyo si homa, ni tabia.
Akamfungia nje. Mbuzi walilala ndani.

Nimempeleka Mirembe kwa bodaboda,
kaning'ang'ania mgongoni, ananuka gongo na woga.
Muuguzi akaandika jina, umri,
na penye "ugonjwa" kalamu yake haikusita.

Yangu ilisita.
Hela ya mbegu aliinywa yeye,
haikunywewa na ugonjwa.

Jana, tukipogoa, baba kaniuliza
bila kugeuka:
"Na yeye, wanampulizia mara ngapi?"