Nakala ya Tatu

Radi ilishuka Uyole saa tisa alasiri,
ikapita nguzo, ikaingia dukani,
kompyuta ikanuka kama nywele zilizoungua.
Miaka sita ya mbegu za viazi na mbolea:
nani kachukua, nani kalipa nusu.

Nikaikimbilia flashi kwenye debe la maharage.
Lusajo alishaifuta, akajaza kwaya ya Pasaka.
Sauti nne, safi kabisa.
Deni hata moja hamna.

Kesho yake, ukungu haujaiachia Loleza,
akaja Mama Atuganile, gambuti zina tope:
“Mimi nadaiwa mifuko mitatu. Na elfu nane.”
Wakafuata wengine kumi na mmoja.
Nikaandika kwa penseli, herufi zikicheza.

Mwakalinga hakuja.
Nilimwona ng’ambo ya lami akichagua ndizi,
akichagua mno.

Sasa kila Ijumaa nanakili mara tatu:
moja dukani,
moja mawinguni, kulekule ilikotoka radi,
moja dada anaifunga kwenye pindo la kitenge,
anapanda nayo basi la Njombe.

Mwisho wa mwezi nazifungua zote, nasoma.
Jina la Mwakalinga lipo, mara tatu.
Mbele yake
nimeacha nafasi.