Ngeli

Kibwana Sechonge, mtaalamu wa maabara,
anageuza kompyuta tuione picha:
"Siku ya tano leo. Vitatu vimefika salama."
Mhina, mume wangu, anadakia,
"Wanaendeleaje?"
"Vinaendelea vizuri."
"Wanakula nini humo?"
Kati ya "vi" na "wa" nimekaa mimi,
kiti cha plastiki, ghorofa ya pili, Raskazone,
mfuko wa risiti mapajani.

Miaka kumi na moja nimezalisha mkonge kwenye chupa.
Nilikata kipande cha kikonyo, nikakilaza
juu ya ute wa sukari na chumvi, chini ya taa nyeupe,
barakoa usoni kana kwamba mmea unasikia.
Chipukizi moja, nne, mia.
Zilizoota ukungu nilizimwaga, nikaenda kula.
Mche mmoja, miche mingi:
ngeli ya "u" na "i" haimnyimi mtu usingizi.
Ingawa mkonge wenyewe, shambani Ngomeni,
hungoja miaka, ukasimamisha mlingoti mara moja tu,
ukadondosha vikonyo vyake, ukafa,
na wakata mkonge, watu wasio na mzaha,
huviita watoto.

Seli mbili. Nne. Nane.
Siku ya nne hazihesabiki, zimegandamana kama tende kapuni.
Siku ya tano pana maji katikati
na kikundi kimejibanza pembeni
kama wageni waliowahi mno harusini.
Nukta ya kalamu, anasema Kibwana, ni kubwa kuliko hiki.
Nukta hiyo imekula pikipiki ya Mhina
na nusu ya michungwa yetu ya Muheza.

Wa kwanza hakushika.
Wa pili alishika siku tisa.
Unaona? Wakishaondoka ndipo nasema "wa".

Kimoja wamekiweka. Kwenye kioo cha mashine
niliona punje ya mwanga ikiteleza, ikatulia.
"Baiskeli basi, wiki mbili," akasema nesi,
kumwambia nani? Mtu wa Tanga.

Viwili vimebaki, na fomu ina visanduku vitatu:
kugandisha, kwa ada ya kila mwaka;
kuacha vikome;
kutoa kwa utafiti.
Niliuliza, huo utafiti mnatafuta nini.
Kibwana akavua glovu, kidole baada ya kidole.
"Kwa nini wengi hukoma wiki ya kwanza, na hakuna kasoro tunayoiona.
Kwa nini wale wako walikoma."
Walikoma. Na yeye ulimi umemteleza.

"Mnawatazama mpaka lini?"
"Mwisho siku ya kumi na nne. Hapo hutokea mstari,
mwembamba, wa kusema huku kichwa, huku miguu.
Haturuhusiwi kuuvuka."

Siku kama hiyo mimi nitakuwa chooni kwetu,
Barabara ya Kumi na Tisa, mlango nimeuegemea kwa mgongo,
nikingoja mstari juu ya kijiti.

Nilipofika palipoandikwa "viinitete vilivyobaki"
nikakata, nikaandika juu yake "waliobaki".
Dada wa mapokezi akairudisha:
fomu haitakiwi kuchafuliwa.
Akanipa nyingine, safi, nikaijaza kama ilivyo.
Kisanduku cha tatu. Mkono ulikuwa wangu,
sahihi ikatoka kama ya mtu anayejifunza kuandika.

Ngazini Mhina akauliza, chini kwa chini,
"Umewaacha?"
"Nimewatuma."

Hakusema kitu. Tukarudi kwa miguu,
yeye akiikokota baiskeli yangu,
kengele ikilia yenyewe kila penye shimo.