Sare

Jumamosi saa saba nafunga kibanda changu Kibuye,
naifunika cherehani kwa shuka kuukuu,
futikamba inabaki shingoni.
Si kusahau. Nimeizoea kama mkufu.

Njiani kwenda uwanjani napima.
Mabao matatu? Hayo nayakunja, nayaweka.
Mawili? Wageni wetu wanaongoza ligi,
mshambuliaji wetu ana goti kama la kuazima,
na kipa, yule Sitati, juzi alikuwa akimfukuza korongo golini
mpira ukapita.
Bao moja basi? Nalitazama, nalirudisha sandukuni.
Mwishowe nabaki na kitu kidogo, cha saizi yangu:
sare tu, Mungu. Sare inatosha.

Nami ndiye fundi wa sare.
Nashonea shule tatu, buluu, hudhurungi, kijani cha mtama mchanga.
Najua kitambaa kikishakatwa kimekatwa.
Usikate kanzu mwana hajazaliwa, alikuwa akisema marehemu mama,
lakini mama hakuwahi kuwa na timu.

Dismas Ogutu, fundi baiskeli, ameniwekea nafasi
kwenye saruji, juu ya gazeti.
"Nne bila," asema.
Kila wiki nne bila, mwaka wa kumi na moja sasa.
Mwaka juzi tulishuka daraja akisema nne bila.
Huyu mtu huumia vipi? Nimemchunguza.
Huumia dakika kumi, akala karanga,
akafunga kamba za viatu, amepona.
Mimi niliyeanza kujiandaa kwa kipigo tangu Jumatano
huwa sijapona hadi Jumatano nyingine.

Wingu limesimama juu ya milima ya Nandi,
linatazama mechi bila kiingilio.
Namba za mgongoni nilizishona mimi;
hukagua nyuzi kabla ya kuutafuta mpira.
Mapumziko, bila kwa bila. Namwambia Ogutu nimeridhika.
Ananitazama kama mtu aliyeagiza mchuzi
kwa kuogopa kuuliza bei ya samaki.

Dakika ya sabini, kijana wa Nyalenda,
namba kumi na saba, ambaye hata kwenye picha ya timu hayumo,
anaupiga kwa ugoko.
Kwa ugoko! Unaingia.

Bao hilo sikuliachia pindo.
Lilinikaa kama koti la mtu mnene
na bado niliinuka nalo, nikapiga mayowe,
nikamkumbatia muuza mayai nisiyemjua jina.
Mayai mawili yakapondeka kati yetu. Nililipa nikicheka.
Kwa dakika ishirini nilikuwa tajiri:
nimeshapanda daraja, nimeshanunua vitambaa,
nashona jezi zenye nyota kifuani.

Kisha dakika ya tisini na mbili, kona.
Sitati akatoka, akasita.
Ule mguu wa kusita naujua. Ni wangu.
Moja kwa moja.

Sare, Mungu. Ile ile niliyoiomba,
hukuipunguza hata uzi.
Mbona basi inanibana kwapani?

Mvua ikateremka. Watu wakajifunika viti vya plastiki.
Ogutu akamaliza karanga, akainama kwenye viatu.
"Jumamosi ugenini," akasema.
Sikumuuliza ngapi.

Jumatatu mama mmoja alimleta bintiye, darasa la nne,
magoti yamekwaruzwa, hatulii kupimwa.
Nikaandika urefu, nikafuta.
"Usimbane," mama akasema, "huyu anakua kila nikigeuka."
Niliongeza inchi tatu,
kitambaa cha hasara, mtu angesema.

Usiku, umeme umekatika, nikamwandikia Ogutu:
nauli ya Kakamega sasa ni ngapi?
Nikakaa na simu gizani. Nikaongeza:
mbili bila.
Akajibu papo hapo, kama aliyekuwa akingoja:
nne.