Nahesabu na Wazima

Mbuzi wa kwanza kufa Mnyambe alikuwa wa Bi Somoe Nalicho,
jike, mimba ya miezi mitatu,
makamasi yameganda puani kama gundi ya mkorosho.
Jicho la jirani hilo, akaniambia.
Sikubisha. Nilifungua daftari nikauliza:
jirani yupi, na mbuzi wake wanakunywa wapi?

Huku juu maji ni ya kununua.
Beseni moja, midomo kumi na minne.
Nikaandika: beseni.

Kwa Mtipa wamekufa sita. Kwa Nampembe watatu.
Kwa Chilumba hakufa hata mmoja, na hapo ndipo nilipokaa sana,
nikihesabu wanaocheua,
hadi mwenyewe akakereka:
"Bwana mifugo" (huniita hivyo, na kilemba changu hiki)
"wagonjwa wako kule!"
Wafu, nikamjibu, wananiambia sotoka imefika.
Hawa wananiambia imeishia wapi.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kivuli.

Usiku, kwa tochi ya simu, nikazirudisha siku nyuma:
toa kuharisha, toa homa, toa siku za ugonjwa kujificha,
kama anayefumua mkeka aone ukili ulipoanzia.
Kila ukili ulikwenda wiki ile ile,
wiki ya malipo ya korosho,
kila mwenye mwali wa kuchezwa akataka mbuzi,
na lori likapanda kutoka mnadani.
Haukuja na upepo, wala na jicho.
Ulikuja umepakiwa, umelipiwa ushuru.

Asubuhi mwenyekiti akatoa kibali kwenye bahasha ya kaki.
*Mbuzi 40. Wamekaguliwa. Hawana dalili.*
Wino wa kijani.
Mimi hutumia wino wa kijani.

Ilikuwa jioni, mvua inanyemelea.
Nilihesabu vichwa. Sikufungua kinywa hata kimoja.

Na dalili kweli hawakuwa nazo.
Siku nne kabla, mbuzi mgonjwa ni mbuzi tu.
Nimelisema hilo mara mbili, peke yangu, kwa sauti.

Nikachora nyumba kwa nukta, beseni kwa duara,
na pale mshale unapoanzia
nikaandika jina langu, halafu namba ya lori.

Kesho chanjo inapanda kutoka Mtwara na boksi lake la barafu.
Tutaanzia kwa Chilumba, kwa wazima.
Bi Somoe anauliza mimba ile nani atamlipa.
Daftari halina safu ya swali hilo.
Nimepiga mstari, nimeiongeza.
Bado iko tupu.