Mia Tatu

Nilikuwa natafuta siku aliyozaliwa mtoto wa Fatuma Bwana,
kadi yake ya chanjo imeliwa na mchwa,
nikafungua rejista ya mwaka juzi
na kidole kikashuka na safu
iliyoandikwa juu: Damu iliyopotea.
Mia tatu. Mia tatu. Mia tatu.
Mia mbili na hamsini, mara moja, siku ya Idi.
Mia tatu.

Mwandiko ni wangu.

Wanawake mia na kumi na wanne wa Siyu,
wa mimba ya kwanza na wa mimba ya tisa,
waliozaa alfajiri, waliozaa kwa tochi ya simu,
wote wametokwa na damu sawasawa
kama waliopimiwa kwa kibaba kimoja.
Nikacheka. Kisha nikaacha,
maana mstari wa sitini na mbili ni Khuleta Shee,
mia tatu,
na pembeni, kwa kalamu nyingine:
Rufaa. Maji kupwa, boti haikuelea. Amefariki.

Usiku nikalitafuta lile jarida la utafiti
tulilogawiwa kwenye semina ya Mokowe.
Nilikuwa nimelifanya kifuniko cha mtungi.
Lugha yake kavu, majedwali tele,
lakini nililielewa:
jicho la mkunga hupunguza,
na kadiri damu inavyozidi
ndivyo jicho linavyozidi kupunguza.
Waliandika watu wa mbali, hawaijui Siyu,
na bado walikuwa wamesimama nyuma ya bega langu.

Asubuhi sikumhubiria mtu.
Nilimtuma kijana dukani kwa Athman Famau:
rangi ya mabuyu, paketi mbili,
na tuazime mizani yako ya sukari.
Nikakoroga rangi na uji mwepesi,
nikamwaga kwa kipimo juu ya leso nne,
nikawaita wote.
Andikeni namba. Asitazame mtu ya mwenzake.

Leso nyeusi ya maua mekundu ilikunywa mia nane.
Muuguzi Kadzo akaandika mia tatu.
Barisa, mia mbili na nusu.
Mimi niliyemwaga kwa mkono wangu
nikiitazama, jicho bado linaniambia: mia tatu.
Salimu peke yake, anayetufulia,
alitikisa kichwa:
"Hii ni ya ndoo tatu kusuuza. Hii ni nyingi."
Miaka sita anafua hapa. Hakuna aliyemuuliza.

Bi Mwanakombo, aliyezalisha nusu ya mji huu majumbani,
akaiinua leso, akaipima kiganjani kama anunuaye nyama.
"Mato ni ya kulilia, mwanangu,
si ya kupimia."

Sasa tunapima. Leso kavu kwanza, kisha mbichi,
toa ndogo kwenye kubwa.
Athman amekataa mizani yake irudi,
asema wateja hawatanunua sukari.
Mia na tisini.
Mia nne na kumi.
Mia sita na sabini, na hapo
Kadzo alikuwa ameshakanda tumbo,
sindano imeingia, dripu inatiririka,
hakuna aliyengoja uso wa mama upauke ndipo ashtuke.
Huyo mama ni Somoe. Jana alikuja kunigombeza
kwa sababu foleni ya kliniki ni ndefu.

Robo mwaka ikaisha, simu ikalia kutoka Amu:
"Dada, mbona damu imezidi Siyu? Mnafanya nini huko?"
"Haijazidi. Imeonekana."
Kimya. Kisha: "Andika barua."
Naiandika.
Sitasema tumeokoa watu, sijui bado.
Wanawake thelathini na mmoja ni wachache,
miezi mitatu ni michache. Naomba mwaka,
na mizani ya pili,
na boti yenye kina kifupi.

Rejista ya zamani sikuichoma.
Nilichukua penseli, nikaenda mstari wa sitini na mbili.
Sikufuta. Khuleta si wa kufutwa.
Juu ya ile mia tatu yangu, kwa herufi ndogo,
nikaandika:
hatukupima.