Yasiyoandikwa Kwenye Muhtasari

Kikao kilichelewa saa nzima na robo
kwa sababu mwenyekiti alikuwa anamsaidia shemeji yake kuzalisha ng'ombe.
Hilo sikuliandika.
Niliandika: kikao kilifunguliwa kwa sala.

Agenda ya kwanza, daraja.
Masika imekula nguzo moja,
watoto wanavuka wameshikana mashati,
na bodaboda wanamshusha mjamzito ng'ambo ile
apandishwe tena ng'ambo hii, kwa nauli mpya.
Wajumbe walitaja serikali. Wakataja wana wetu walioko Dar,
Desemba wakija.
Niliandika: jambo linafuatiliwa.
Sentensi hiyo nina miaka sita nayo, kalamu inaijua njia.

Agenda ya pili, mfongo.
Hapo hata waliosimama nje, upenuni mwa ghala, wakaingia.

Huku Uru maji ya mfongo yana zamu,
na zamu haichezewi.
Ya Wilbroda ni Alhamisi, saa sita usiku mpaka saa kumi.
Mjane, goti bovu, robo eka ya maharage.
Alhamisi ile alikaa langoni na blanketi la marehemu
mpaka maji yakapungua, yakawa uzi,
yakawa matope.
Mtu alikuwa amezibua juu.

"Nani?" akauliza mwenyekiti.
Mzee Pantaleo akatazama dari.
Vijana wa nyanya wakatazamwa, wao ndio husingiziwa,
kwa kuwa wana pampu na hawana haya.
Remiji akasimama: usiku ule alilala Moshi mjini, sokoni Mbuyuni,
yeye na matenga yake,
akatoa risiti ya ushuru
kama mtu anayetoa cheti cha ubatizo.

Faini elfu kumi na debe la mbege, akijulikana.
Niliandika: mtu asiyejulikana.
Mwandiko wangu ni mzuri, nasifiwa tangu darasa la tatu.
Haukutetemeka hata kwenye mkia wa j.

Miche themanini ya kahawa, ya mkopo wa chama cha msingi,
ilikuwa inakunja majani
kama viganja vya mtu anayeficha kitu.
Nilisema dakika ishirini tu.
Niliondoa pande la mgomba, nikachimbua udongo kwa kucha,
maji yakaingia kihambani kwangu
bila kuuliza ni ya nani.
Nikaketi juu ya ndoo.
Nilipozinduka, jogoo wa jirani
alikuwa anawika mara ya pili.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza,
nilikata jani la isale mpakani,
nikalifunga fundo kama mama alivyonifundisha.
Ukiletewa isale hukatai,
hata kama ni damu, sembuse maji.
Nilichukua na maziwa nusu lita,
maana mikono mitupu ina aibu yake.

Wilbroda alikuwa jikoni anamenya ndizi.
Alilitazama jani. Hakulipokea.
"Nilikuona," akasema. "Simu yako ina ufa kwenye taa,
mwanga wake hutoka vipande viwili."

Mbona hukusema kikaoni?

Akamenya ndizi nyingine, akaitumbukiza majini,
akaichagua inayofuata kana kwamba zinatofautiana.

"Ningesema, nani angeandika?"

Kisha akaniambia nichukue jembe.
Maharage ya upande wa chini yalikuwa yamekauka kabisa,
tukapanda upya mistari minne mpaka jua la utosi,
mimi nachimba, yeye anadondosha mbegu, goti limenyooshwa pembeni.
Hatukuzungumza.
Maziwa aliyapokea.
Jani nililiacha juu ya kinu, na nilipoaga
lilikuwa palepale, fundo halijaguswa.

Kikao kijacho ni tarehe saba.
Tangazo nimelibandika mwenyewe, kwenye mlango wa ghala.
Agenda ya kwanza:
kusoma na kuthibitisha
muhtasari wa kikao kilichopita.