Upande wa B

Mwaka wa sabini na tisa meli ya Yugoslavia
ilikwama Kilindini siku kumi na saba, pampu imekufa,
na makanika wake, Ziyadi wa Zenica, akapanda mjini
na redio ya kanda kwapani, imefungwa kwa waya,
akiuliza kwa vidole: fundi?
Wakamleta kwa babangu, Barabara ya Biashara,
duka la upana wa mlango mmoja.

Hawakuwa na lugha. Walikuwa na bisibisi.
Kisha Ziyadi akaonyesha dele: kahva.
Akagonga kaunta: duchan.
Akazungusha mkono, akakumba Kibokoni nzima: mahala.
Babangu akaweka chini chuma cha kulehemu.
Kumbe mtu aweza kutoka kwenye theluji
na mfukoni ana maneno ya kwenu,
yamechakaa pembeni tu, kama noti.

Upande wa A: vijana wa Sarajevo
waliimba Kiingereza cha kukariri,
maana hawaijui, wapiga mdomo tu.
Baba hakushangaa. Hoteli za Nyali zilikuwa na hao hao,
kina Msellem na Chizondo, suruali pana, jasho,
wakiwaimbia Wazungu
nyimbo ambazo Wazungu walizikimbia kwao.

Ziyadi akageuza.
Gitaa ni lile lile, kali, lina kutu,
ila halikimbii tena. Lazunguka noti moja
kama mtu atafutaye ufunguo gizani,
na sauti yapanda, yavunjika, yarudi kujiokota.
"Yuwalia huyu," baba akasema, "haimbi."
Ziyadi akatia kiganja kifuani: sevda.
"Sauda? Ni dadangu. Yuko juu, yuwakanda mahamri."

Walipomaliza kucheka, shangazi alikuwa keshashuka,
unga hadi viwikoni, amesimama kizingitini.
Alisikiza wimbo mzima,
yeye aliyeimbia harusi za watu miaka ishirini
na yake haikuimbwa.
"Nyanyake ndiye aliyemfunza," akasema.
"Stima ni ya juzi tu."
Akarudi kwa unga wake.

Ziyadi aliandika, Kiingereza cha kuungaunga,
kadi moja kwa mwaka, pengine kanda.
Themanini na nne: wavulana wapya, wana mzaha,
waimba lugha ya vichochoro,
ya wezi wa baiskeli na mashemeji wenye madeni,
wazee wa huko wamekasirika.
Baba alifurahi siku nzima.
"Muziki ukiweza kujicheka, umebaleghe."

Tisini na mbili, kimya.
Tisini na tatu, redio ikitaja Sarajevo
baba akipunguza sauti, akiongeza, akipunguza,
wateja wakidhani aijaribu.

Tisini na tano ikaja bahasha
iliyofunguliwa na watu na kugundishwa upya.
Kanda bila jalada. Chumba cha chini ya ardhi,
jenereta yanguruma kuliko besi,
kishindo mbali, mpiga ngoma apoteza mahadhi,
kisha ayapata, kama aliyeshuka ngazi moja zaidi.
Wimbo ni ule wa upande wa B,
ila sasa waimba watu wote.
Mwandiko haukuwa wake. Binti aliandika:
*Kiingilio kilikuwa sigara moja.
Mshumaa ulikuwa ghali zaidi.
Yule akohoaye baada ya ubeti wa pili ni baba.*

Baba yangu alikirudia kikohozi kile
mpaka utepe ukaanza kulegea.

Siku hizi natengeneza simu, kaunta ile ile.
Kanda naikaza kwa kalamu ya Biki, taratibu,
nacheza Alhamisi, mchana, watu wakilala.
Kijana mmoja wa Majengo, Shekuwe, mpiga kinanda,
aliniomba aihamishe kwenye simu yake;
akasema kikohozi atakifuta, ni kelele.
Nikamwambia aache kila kitu kama kilivyo.
Akanitazama kama mtu wa kale.

Juu, shangazi hashuki tena,
miguu imemkataa. Lakini masikio!
Upande wa A ukiingia tu
fimbo yagonga sakafu, vumbi lashuka kwenye vioo vya watu:
"Geuza!"